Wosia wa Kijana

Desturi ya wosia katika nyumba za Njombe, kama kwingi nchini, ilimpa mzee heshima ya mwisho. Alipohisi siku zake zimekaribia aliwaita wanawe, akagawa, akaonya, akataja mahali pa kuzikwa, wala hapakuwa na wa kumkatiza. Lakini haki hiyo ya kusema ilikuwa ya umri, si ya ugonjwa. Na jambo hilo halikudhihirika mpaka Ukimwi ulipoingia.

Vijana wa Ubena walizoea kutafuta kazi mbali. Zamani za Waingereza walikwenda kukata mkonge Tanga. Na reli ya TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970, Makambako ikawa mlango wa kutokea na wa kurejea. Kwa mlango huo walirudi wagonjwa kuuguzwa na mama zao. Sasa mwenye kuaga alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano, na waliomzunguka ni wajomba na baba zake wadogo. Wao ndio walioamua apelekwe hospitali au kwa mganga, na watoto wake walelewe na nani. Aghalabu hata jina la maradhi alifichwa, ati asivunjike moyo. Asiyejua augua nini atausia nini?

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa nchini kwa mpango wa serikali mwaka 2004, wengi waliokwisha kuliliwa waliinuka. Hata hivyo utafiti wa 2011–12 ulikuta watu 14.8 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe wana virusi, kiwango kilichopita cha mikoa yote. Sheria ya 2008 ilikuwa imekwisha agiza kwamba majibu ya kipimo apewe aliyepimwa: mgonjwa akalitangulia baraza la ukoo, walau katika karatasi.

Kizuizi kingine kilikuwa maumivu. Anayepiga yowe usiku kucha hashauriani na mtu. Na mofini ya maji kwa miaka mingi ilitegemea Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 600 kutoka Makambako; hivyo kwa mwenye saratani, kuchagua kufia nyumbani kulikaribia kuwa kuchagua kufa kwa mateso.

Muuguzi wa tiba shufaa hutakiwa kwanza kumwuliza mgonjwa anajua nini juu ya ugonjwa wake, na angependa kujua kiasi gani. Wako wanaojibu, “Mwambie kaka.” Huo nao ni uamuzi, ila sharti autamke mgonjwa mwenyewe, kaka akiwa nje.