Sahani za China, Vyungu vya Kwetu

Ingia nyumba yoyote Umoja au Kayole, chukua sahani ya wageni, igeuze usome chini. Imetoka China. Sasa tuseme miaka elfu moja imepita, mtaa wote uko chini ya udongo, na msomi fulani anachimba. Anaokota vipande vya zile sahani, anaandika: hapa waliishi Wachina. Vile vipande vyeusi vya udongo wa jiko la makaa, lile linalogongwa Shauri Moyo kutwa nzima, anavitupa kando. Utacheka, lakini maze, historia ya pwani yetu iliandikwa karibu hivyo kwa muda mrefu.

James Kirkman alianza kuchimba Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948. Alikuwa mchimbaji makini, hilo tusimnyime. Alipata kauri za China na vyombo vya kung'aa kutoka nchi za Kiislamu, akavitumia kukadiria umri wa kuta na misikiti, kwa sababu umri wa vyombo hivyo ulishajulikana. Hapo hakuna shida. Shida ilikuja pale ambapo watu nao walihesabiwa wageni kama vyombo vyao. Kitabu chake cha 1954 kiliita Gede mji wa Kiarabu, tena kwenye jina la kitabu. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, naye aliangalia ng'ambo ya bahari kutafuta waanzilishi wa miji. Vyungu vya kupikia, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote, viliandikwa kama vitu vya jikoni tu.

Linganisha na Ugiriki. Pale Oxford, John Beazley (1885–1970) alitumia maisha yake kukagua vyungu vya Athens: sikio limechorwa vipi, kifundo cha mguu, mkunjo wa nguo. Kisha anasema, hiki na kile vimetoka mkono mmoja. Wachoraji wengi hawakutia sahihi, kwa hivyo akawapa majina mwenyewe. Mmoja anaitwa Mchoraji wa Berlin, kwa sababu chungu chake kinachosifika kiko kwenye jiji hilo. Mtu amekufa karibu miaka 2,500 iliyopita, jina lake limepotea, na bado anapewa jina jipya kwa heshima ya mkono wake. Kwetu mfinyanzi hakuulizwa hata ni mwenyeji wa wapi.

Aliyeuliza swali hilo kwa ukaidi ni Felix Chami, Mtanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepata udaktari wake Uppsala, Sweden, mwaka 1994. Yeye alianza na vigae (vya vyungu, si vile vya bafuni) kutoka sehemu kama Limbo na Kiwangwa, nyuma kidogo ya ufuo. Kuna aina ya chungu chenye pembetatu zilizochanjwa shingoni kabla udongo haujachomwa. Kinapatikana kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na ni cha takriban karne ya 6 hadi ya 10. Chami alisema chungu hiki ni mtoto wa vyungu vya zamani zaidi vya wakulima wafua chuma, vile ambavyo Robert Soper alivitambua Kwale, Kenya, katika miaka ya 1960. Kwa hivyo waliofungua vijiji ambavyo baadaye vikawa miji ya Waswahili ni watu wa hapa hapa.

Wengine walikiita chungu hicho hicho cha Tana, kwa jina la mto, na baadhi yao wakakihusisha na wafugaji wa kaskazini. Unaweza kudhani ni ugomvi wa wasomi kuhusu jina. La hasha. Ukitaja jina umeshataja mwenyewe. Na hata hao waliobishana na Chami walikuwa wameacha kutafuta waanzilishi ng'ambo. Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, miaka ya 1980, alikuta msikiti mdogo wa miti chini ya ule wa mawe, na vyombo vya kigeni vikiwa sehemu ndogo sana ya vigae vyote.

Chami hakuishia hapo. Mwaka 1999 alitangaza shanga za kioo za Kirumi kutoka delta ya Rufiji, akaziunganisha na Rhapta, soko la mwisho la Azania katika kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki karne ya 1. Si wote waliokubali, na kwangu mimi madai yake mengine yalikimbia mbele ya ushahidi. Lakini vile vya pembetatu vimesimama.

Mwaka 2023 ukaja utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa pwani na bara lake miaka 1250 hadi 1800. Upande wa kina mama wengi ni wa Afrika. Upande wa kina baba, wengi wana asili ya Uajemi. Mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Basi si kweli kwamba wageni hawakuja. Walikuja, wakaoa, wakazaa, ila chungu cha pembetatu kilikuwa jikoni karne kadhaa kabla yao. Pwani hii ufinyanzi mara nyingi ni kazi ya wanawake. Yule aliyechanja zile pembetatu, hata jina la kubandikwa kama la yule wa Berlin, bado hajapewa.