Mbara, Mwenyeji na Mgeni: Msamiati wa Machafuko ya Likoni na Kwale, 1997

Mintarafu ya machafuko yaliyoikumba Likoni na sehemu za Kwale mwaka 1997, mengi yamekwisha andikwa na wanasheria, watetezi wa haki za binadamu na wataalamu wa siasa. Wahakiki wa lugha na fasihi hawajajihusisha nayo sana, ingawa sehemu kubwa ya mgogoro wenyewe ilihusu maneno: nani aitwe mwenyeji, nani aitwe mgeni, na tendo lenyewe lipewe jina gani. Makala haya yanakusudia kuuchunguza msamiati huo kama ulivyotumika katika vyombo vya habari na katika nyaraka rasmi, pamoja na historia iliyouzaa.

Matukio yenyewe yafahamika. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la vijana wenye silaha, wengi wao Wadigo, lilikivamia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Askari polisi 6 waliuawa na bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Vibanda vya biashara na nyumba za watu waliotoka bara zilitiwa moto, na katika majuma yaliyofuata mashambulizi yakaenea kusini hadi Ukunda na Diani. Vikaratasi viliwaamuru wabara waondoke. Maelfu walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Wengine walipanda mabasi wakarudi kwa wazee wao Nyanza, Magharibi na Mkoa wa Kati. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilikadiria kuwa zaidi ya watu 100 walipoteza maisha na wapatao 100,000 wakahama makwao. Uchaguzi mkuu ulikuwa ufanyike Desemba mwaka huohuo.

Jina la kwanza la kuhojiwa ni lile la jumla. Tume iliyoteuliwa mwaka 1998 chini ya Jaji Akilano Akiwumi ilipewa kazi ya kuchunguza "mapigano ya kikabila" nchini Kenya. Kwa hiyo hata kabla ya shahidi wa kwanza kula kiapo, anwani ya tume ilikuwa imekwisha amua mambo mawili: kwamba palikuwa na mapigano, yaani pande mbili zilizokabiliana, na kwamba kilichozigawa pande hizo ni kabila. Ushahidi uliotolewa mbele ya tume hiyohiyo haukukubaliana na anwani yake. Katika Likoni kulikuwa na upande mmoja uliojiandaa na upande mwingine uliolala. Vijana waliandikishwa, wakalishwa kiapo na kufunzwa katika msitu wa Kaya Bombo, na maofisa wa usalama walipata fununu mapema wasichukue hatua. Tume iliwalaumu maofisa hao kwa uzembe. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais mwaka 1999, ikafungiwa kabatini kwa miaka mitatu, na kutangazwa Oktoba 2002 wakati utawala wa Moi ukikaribia ukingoni.

Hapa ndipo kitenzi kimoja cha wanahabari kinapostahili kutazamwa kwa makini. Machafuko, kwa lugha ya magazeti na redio, "huzuka". Kitenzi hiki ni cha chemchemi, cha moto wa nyikani na cha maradhi. Hakina mtendaji, wala hakihitaji. Kiswahili, kwa utajiri wake wa minyambuliko, humpa mwandishi nafasi nyingi za kumficha mtenda: nyumba zilichomwa, mali iliporwa, watu walihamishwa. Kauli ya kutendwa huruhusu kihusishi "na" kidondoshwe bila sentensi kuchechemea, na katika habari za 1997 kilidondoshwa mara nyingi. Lakini jambo lililoandaliwa msituni kwa majuma kadhaa, nao walinzi wa usalama wakiwa na habari zake, haliwezi kusemwa kuwa limezuka. Anayesema hivyo, kwa kujua au kwa kutojua, amemwondolea mtu fulani lawama.

Neno lililobeba uzito mkubwa kuliko yote ni "mbara". Historia yake ina kinaya ambacho hakikuonekana katika habari za wakati ule. Bara ni nchi kavu ikitazamwa kutoka kisiwani au pwani. Kwa mkazi wa zamani wa Mji wa Kale wa Mombasa, Likoni yenyewe iko bara, ng'ambo ya maji, na Mdigo alikuwa mmoja wa watu wa nyika. Hilo jina Wanyika, lililotumiwa na wenye miji na baadaye na wamisionari na maofisa wa Kiingereza, lilikuwa na harufu ya dharau. Jina Mijikenda lilipata nguvu katika miaka ya 1940 tu, pale viongozi wa jamii hizo tisa walipotafuta sauti moja mbele ya serikali ya kikoloni. Basi katika muda usiozidi miaka 60 jamii ileile iliyokuwa "ya nyika" machoni pa mwungwana wa mjini ikawa ndiyo kielelezo cha mwenyeji wa Pwani, na ubara ukasukumwa mbali zaidi, nyuma ya Mariakani na Voi, hadi ukamwangukia Mjaluo, Mkikuyu, Mluhya na Mkamba.

Kwa Mdigo mkanganyo ulikuwa mkubwa zaidi, kwa sababu mipaka yake haikuchorwa na yeye. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalipitisha mstari kutoka mlango wa mto Umba kuelekea Kilimanjaro, na ukoo mmoja ukajikuta na jamaa Vanga na jamaa Tanga. Ni Mwislamu kama Mswahili, lakini wako Waswahili wasiomhesabu kuwa mwenzao. Ni Mmijikenda kama Mgiriama, lakini Uislamu wake humtenga na wengi wa ndugu hao. Chidigo chake kinakaribiana na Kiswahili kiasi kwamba mgeni aweza kudhani ni lahaja. Mtu mwenye utambulisho wa tabaka nyingi hivi hupenda, katika nyakati za dhiki, kupata neno moja litakaloyamaliza maswali yote. "Mpwani" lilikuwa neno hilo, nalo lilipata maana kwa kuwa kinyume cha "mbara" tu.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuyafanya haya yote kuwa mchezo wa maneno. Chini ya maneno kulikuwa na ardhi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wayathibitishe mbele ya maofisa wa kikoloni. Wenye hati, au wenye uwezo wa kuzipata, waliandikishwa. Ardhi ya ukoo, isiyokuwa na mmiliki mmoja wala karatasi, kwa sehemu kubwa ikawa ya Taji la Uingereza. Uhuru wa 1963 haukuirudisha: mali ya Taji ikawa ya serikali. Ufuo wa Diani, uliokuwa wa wavuvi na wakulima wa minazi, uligawanywa viwanja, na vingi vikaishia mikononi mwa wenye madaraka na wenye mahoteli. Kwenye makazi ya Shimba Hills, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950, Wakamba walipewa mashamba huku jirani yao Mdigo au Mduruma akiitwa maskwota juu ya kaburi la babu yake. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, ajira kubwa pekee ya kusini iliyobaki nje ya serikali ilikuwa utalii, na katika mahoteli kijana wa Msambweni alikuta wengi wa waliomtangulia ni waliosoma kuliko yeye, tena kutoka mbali.

Dhuluma hii ilikuwa ya kweli. Ila muuza mitumba wa Likoni aliyechomewa kibanda hakuwa na kiwanja hata kimoja Diani, wala hakuketi katika ofisi ya ardhi. Neno "mbara" ndilo lililowezesha deni la mkubwa lidaiwe kwa mdogo. Aliyenyakua ufuo na aliyekodi chumba kimoja karibu na kivuko walitiwa katika jina moja, na aliyekuwa karibu akalipa.

Faida ya kisiasa ilitarajiwa kwenda kwa chama kilichotawala, kwa kuwa wabara wa Mombasa na Kwale walihesabiwa kuwa wapiga kura wa upinzani, na KANU ilikuwa imekipoteza kiti cha Likoni mwaka 1992. Desemba 1997 ilipofika, kiti hicho hakikurudi KANU. Kilichukuliwa na chama kipya cha Shirikisho, kilichojengwa juu ya madai ya majimbo.

Na vyombo vya habari? Yafaa ikumbukwe kwamba gazeti la Standard lilizaliwa Mombasa mwaka 1902, kisha likahamia Nairobi mwaka 1910, likifuata reli na serikali. Tangu hapo Pwani imesimuliwa nchini kutoka mahali pengine. Mwaka 1997 magazeti makubwa yote ya kila siku yalihaririwa Nairobi, Kenya Times likiwa mali ya KANU, na redio iliyofika vijijini ilikuwa ya serikali. Mwandishi aliyetumwa kusini aliwategemea polisi, wanasiasa na mameneja wa mahoteli, na kila mmoja wa hao alikuwa na sababu zake za kusema. Waandishi wa ng'ambo walikuja na swali lao moja: je, watalii wako salama? Vitanda vilivyobaki vitupu Diani vikawa kipimo cha msiba. Mahoteli yalifunga milango na wafanyakazi, wapwani kwa wabara, wakaachishwa kazi. Hilo lilikuwa na uzito wake, lakini lilimfanya Mdigo aonekane katika habari kwa sura mbili tu, mvamizi wa usiku au mchuuzi wa ufukweni. Wanavijiji waliokamatwa kwa wingi na kupigwa katika misako ya polisi iliyofuata walisikika zaidi katika ripoti za mashirika ya haki kuliko magazetini.

Mfano ulio wazi zaidi wa maumivu ya msamiati ni neno "kaya". Kwa Mmijikenda kaya ni msitu wa wahenga, mahali pa makaburi, fingo na dua, penye miiko ya nguo, ya sauti na ya shoka. Baada ya Agosti 1997 neno hilo liliingia katika habari za taifa likiwa na maana ya maficho ya wauaji. Hata Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, isiyoweza kutuhumiwa kuwachukia Wadigo, iliyaunganisha maneno kaya na damu katika anwani ya ripoti yake ya mwaka huo. Walioutumia msitu kulisha vijana kiapo ndio waliouvunjia heshima kwanza. Wanahabari walikuja wakaukamilisha uvunjaji huo kwa kuukariri. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia, Kaya Kinondo ya Diani ikiwa mojawapo, na neno lilelile likarudi magazetini limevaa kaniki nyeusi ya mgeni anayeongozwa msituni. Kaya Bombo haikuwa katika orodha.

Fasihi ilikuwa imelitangulia tatizo. Riwaya ya Katama Mkangi, *Walenisi*, ilitoka mwaka 1995. Jina lake ni sentensi iliyokazwa ikawa neno: wale ni sisi. Mhusika wake Dzombo, ambaye jina lake ni pia la kilima cha Kwale, hupelekwa kufa na badala yake hufika katika nchi ambako nafsi ya tatu na ya kwanza zimeungana. Wahakiki wamezoea kuisoma riwaya hii kama ndoto ya ujamaa, na usomaji huo ni sahihi. Lakini ikisomwa kando ya vikaratasi vya Likoni, vilivyotoka miaka miwili baadaye na ambavyo kazi yake yote ilikuwa kuwatenga wale na sisi, sarufi ya jina lake hupata makali mapya. Mkangi, mwana wa Pwani aliyekuwa amewekwa kizuizini katika miaka ya 1980, aligombea urais katika uchaguzi uleule wa Desemba 1997. Kura alizopata zilikuwa kidogo sana.

Kauli iliyoenea baadaye haikuwa yake. Baraza la Mombasa Republican Council, lililoanzishwa mwaka 1999 na kupata wafuasi wengi Kwale, lilijulikana kwa maneno matatu, "Pwani si Kenya". Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Kisarufi kauli hiyo ni tofauti na vikaratasi: inakanusha mahali, haimtaji mtu. Vyombo vingi vya habari havikuiona tofauti hiyo. Viliisoma kama mwangwi wa Kaya Bombo, na hoja ya ardhi iliyokuwa ndani yake ikapita bila kujibiwa.

Wako pia wakazi wa Kwale ambao msamiati wote huu haukuwa na nafasi yao. Wamakonde walivuka kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa. Hawakuwa wapwani kwa asili wala wabara kwa jina, na kwa miongo mingi hawakuwa hata Wakenya, kwa kuwa hawakupewa vitambulisho. Oktoba 2016 mamia yao walitoka Kwale wakiandamana kuelekea Nairobi kuonana na Rais. Walipewa uraia, na Februari 2017 serikali ikawatangaza kuwa kabila la 43 la Kenya. Ili wawe raia, iliwabidi kwanza wawe kabila.