Uhalisia pepe: neno na mchezo wake

Uhalisia pepe ni mazingira yanayotengenezwa na kompyuta na kuoneshwa kwa namna inayomfanya mtazamaji ajione yumo ndani yake. Aliyevaa miwani ya uhalisia pepe akigeuza shingo, mandhari nayo hugeuka. Akiinama, huona uvungu wa meza isiyokuwepo. Televisheni ni dirisha la kuchungulia, ilhali miwani hii humwingiza mtu chumbani.

Neno la Kiingereza lililozaa istilahi hii, virtual, lina asili ya Kilatini, virtus, lenye maana ya nguvu au uwezo. Kitu huitwa hivyo kikiwa na athari ya kitu kingine bila kuwa kitu hicho chenyewe. Mfano wa karibu ni kioo cha kujitazamia: sura huonekana imesimama upande wa pili, tena inatosha kabisa kunyolea ndevu, lakini nyuma ya kioo pana ukuta tu. Mfaransa Antonin Artaud aliunganisha virtual na neno la uhalisia, kwa Kifaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1938, akizungumzia jukwaa la maigizo. Kwenye kompyuta jina hilo lilienea miaka ya 1980, na aliyelieneza kuliko wengine ni Jaron Lanier wa Marekani, ambaye kampuni yake ya VPL iliuza miwani na glavu za kazi hiyo.

Katika Kiswahili limetafsiriwa kwa njia zaidi ya moja. Mbovu kuliko zote ni "ukweli halisi", tafsiri ya harakaharaka inayosema kinyume cha kilichokusudiwa, kwa kuwa kinachoelezwa si kweli wala si halisi. "Uhalisia wa mtandaoni" nao haufai, maana miwani hii hufanya kazi hata pasipo intaneti. Istilahi iliyotulia ni uhalisia pepe, na inafaa kuipima neno kwa neno.

Pepe wengi wanalijua kutokana na barua pepe, na hulihusisha na kupepea au upepo: barua inayosafiri bila bahasha wala stempu. Maelezo hayo yanapendeza, lakini mkulima wa mpunga ana pepe lake, na ni la zamani zaidi. Mapepe ni punje zenye ganda bila kiini. Mpunga ukiwa bado shambani ni vigumu kuzitambua, kwani ganda ni lilelile na rangi ni ileile. Hujulikana kwenye ungo, mpunga unapopetwa: punje nzima hubaki, mapepe huruka na makapi. Wabunifu wa istilahi wawe walilifikiria hilo au hawakulifikiria, haingekuwa rahisi kupata picha inayofaa zaidi, kwa sababu umbo lote lipo na kiini hakipo. Tangu barua pepe ikubalike, neno hili limekuwa kama kivumishi kisichopokea kiambishi cha ngeli: sarafu pepe, maktaba pepe, mikutano pepe.

Uhalisia lina kasoro yake. Kwa wanafunzi wa fasihi hilo ni jina la mkondo wa uandishi unaochora maisha kama yalivyo, na "uhalisia mazingaombwe" ni istilahi inayotumiwa kuzieleza riwaya kama Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi. Uhalisi, bila ile "a" ya mwisho, ungetenganisha vizuri zaidi hali ya kuwa halisi na mkondo wa fasihi, ila matumizi yameshaamua. Hata mazingaombwe peke yake yangetosha, isipokuwa yana harufu ya ulaghai. Mfanya mazingaombwe hukusudia kumdanganya mtazamaji. Mvaa miwani amejidanganya mwenyewe, kwa hiari na kwa fedha zake.

Istilahi hata ikibuniwa kwa ustadi huishi kwa kutumiwa. Tarakilishi na ngamizi zilipendekezwa na wataalamu, lakini vinywani mwa watu wengi mshindi ni kompyuta, neno lililokuja na mashine yenyewe. Uhalisia pepe umekutwa na shida ya upande wa pili: jina limefika, kitu chenyewe bado kinasuasua njiani. Ndiyo maana swali la kama michezo yake itawahi kuwa ya kila mtu ni swali la lugha pia.

Kusuasua huko hakukuanza jana. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichoshikiliwa na mtambo uliofungwa darini. Mwaka 1995 Nintendo iliuza Virtual Boy, yenye picha nyekundu kwenye giza, ikauza chini ya milioni moja na kuiondoa sokoni. Mwaka 2012 kijana Palmer Luckey alichangiwa na umma zaidi ya dola milioni 2.4 kwa ajili ya miwani ya Oculus Rift, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kampuni yake kwa takriban dola bilioni 2. Mwaka 2016, Rift, Vive ya HTC na miwani ya PlayStation zilipoingia madukani kwa mkupuo, wengi walidhani siku imefika. Hadi Januari 2020 Sony, mtengenezaji wa PlayStation, ilikuwa imeuza miwani zaidi ya milioni 5. Ni nyingi mpaka zilinganishwe na PlayStation 4 zenyewe, ambazo wakati huo zilishapita milioni 100. Kwenye Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, wenye miwani wamekuwa wakizunguka kwenye asilimia 2 hivi kwa miaka.

Michezo mizuri ipo. Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 ilisifiwa mno. Beat Saber, iliyotengenezwa Prague, inaeleweka kwa kila mtu ndani ya dakika moja: vipande vyekundu na vya bluu vinakuja kwa mapigo ya muziki, mchezaji anavikata kwa panga mbili za mwanga. Siri yake mojawapo ni kwamba mchezaji hatembei. Anasimama palepale na mikono ndiyo inayofanya kazi.

Jambo hilo si dogo. Abiria wa boti ya Unguja bahari ikichafuka hupata kichefuchefu kwa kuwa sikio la ndani linahisi mwendo, huku macho yakitazama viti na kuta zilizotulia. Kwenye miwani mambo hupinduka: macho yanaona mwendo, sikio linasema mwili umesimama. Mchezo wa kukimbia au kuendesha gari unaweza kumtoa jasho jembamba mchezaji mgeni baada ya dakika chache. Wahandisi wamepunguza tatizo kwa kuichora picha mara 90 au zaidi kwa sekunde na kubana ucheleweshaji chini ya milisekunde 20. Lakini mwendo usiohisiwa na mwili hauponywi na kompyuta yenye kasi.

Bei pekee haitoshi kuwa kisingizio. Miwani ya Quest 2 ya Facebook ilipotoka Oktoba 2020 iliuzwa dola 299 na haikuhitaji kompyuta pembeni, ikawafikia watu ambao miwani za awali hazikuwafikia. Ila ina uzito wa karibu nusu kilo, na uzito huo unakaa usoni.

Kizuizi kinachosahaulika ni watazamaji. Katika kibanda cha gemu cha Nairobi au Dar es Salaam, wawili wameshika pedi, na waliobaki kwenye benchi wanazomea, wanashauri, wanasubiri zamu. Bao nalo huchezwa hivyo barazani, watazamaji wakijiona mabingwa kuliko wachezaji. Miwani humkata mchezaji na benchi zima: yeye anaona ulimwengu, wenzake wanamwona mtu anayepapasa hewa. Picha inaweza kurushwa kwenye televisheni ya pembeni, lakini waliokaa watabaki wakichungulia dirishani.

Kwa hiyo, kwa umbo lake la sasa, uhalisia pepe utabaki mchezo wa wachache wanaoupenda sana, pamoja na kumbi za burudani ambako mtu hulipia dakika zake na kuondoka. Kuwa kama simu au PlayStation kutahitaji miwani nyepesi kama ya kusomea, na hiyo bado haijatengenezwa. Makampuni yanaendelea kumwaga fedha: mwaka 2023 pekee, kitengo cha Meta (jina jipya la kampuni ya Facebook) kinachoshughulikia kazi hii kilipata hasara ya takriban dola bilioni 16. Mwezi Februari mwaka huohuo Sony ilitoa miwani yake ya pili kwa dola 549, wakati huo ghali kuliko PlayStation 5 inayoiendesha. Machi 2025 iliishusha hadi 399, bei ileile ya miwani ya kwanza mwaka 2016.