Kutoka Buigiri hadi Ukonga: kikwazo hakikuwa mtoto

Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini Tanzania ilianzia mbali na Dar es Salaam. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, na mwaka 1963 Kanisa Katoliki likafungua ya viziwi Tabora. Dar es Salaam ilifuata: Uhuru Mchanganyiko ikawapokea wasioona miaka ya 1960, Jeshi la Wokovu likaanzisha Matumaini kule Kurasini mwaka 1967 kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, Buguruni Viziwi ikaja mwaka 1974, na Msimbazi Mseto ikafungua darasa la wenye usonji miaka ya 1980. Kwa mkazi wa Ukonga, ng'ambo ya uwanja wa ndege, shule zote hizi za Dar es Salaam ziko upande wa mjini. Historia ya elimu hiyo, nionavyo, inathibitisha jambo moja: mtoto aliposhindwa kusoma, mara nyingi kilichomkwamisha ni mpango uliowekwa na watu wazima. Mipango kadhaa imerekebishwa. Umbali bado.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa viziwi. Shule za mwanzo ziliamini kwamba kiziwi lazima asome midomo na ajifunze kutamka, na katika baadhi yake ishara za mikono zilikatazwa. Ugumu wa njia hiyo unaweza kuupima mbele ya kioo: tamka mama, baba, kisha papa. Midomo inafumba na kufumbuka vilevile mara zote tatu. Tofauti iko puani na kooni, ambako jicho halifiki. Watoto hawakungoja ruhusa. Bwenini na uwanjani walitunga lugha zao za alama, na wanaisimu wamehesabu saba, kila moja ikiwa imechipuka katika shule yake. Mwaka 1984 likatolewa pendekezo la kuzioanisha, na mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachapisha kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Ujuzi ambao walimu waliuhitaji, basi, ulikuwa mikononi mwa wanafunzi wao miaka yote hiyo, na waliokatazwa kuutumia walistahili kusikilizwa mapema zaidi.

Kwa wasioona pengo lilikuwa kwa mwalimu. Anayeandika nukta nundu kwa kibao na kalamu ya kutobolea huanzia kulia kwenda kushoto, kwa sababu karatasi hugeuzwa ndipo vidole visome vinundu kutoka kushoto. Mwalimu asiyeijua kazi hiyo hawezi kusahihisha hata jina la mwanafunzi. Sheria ya Elimu ya 1978 iliwalazimisha wazazi kuandikisha watoto, lakini ujuzi wa namna hii hauji kwa sheria; unatoka vyuoni, kama Patandi kule Arusha.

Wapo wanaosema kwamba walimu na vifaa vikiwa haba, ni busara kuvikusanya katika shule chache. Uhaba ni wa kweli. Lakini kukusanya hakuondoi gharama, kunaihamishia kwa mzazi. Mama wa Ukonga mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili hupanda naye daladala alfajiri, wakapita Banana, Vingunguti na Tazara, akamfikisha shuleni, akarudi, akamfuata tena mchana. Hizo ni safari nne za mama na mbili za mtoto kila siku, bila kuhesabu genge lake lililofungwa asubuhi nzima. Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2016 iliondoa ada na michango. Nauli ya safari hizo haikuiondoa. Wengine watataja bweni, nalo limewaokoa wengi. Hata hivyo, mtoto anayejifunza kuvaa, kula na kuvuka barabara anahitaji kuyarudia hayo nyumbani kila jioni, pamoja na watu atakaoishi nao maisha yake yote. Ukimpeleka mbali, unawanyima wazazi wake nafasi ya kujifunza naye.

Pingamizi moja nalikubali. Mtoto kiziwi akiwa peke yake katika darasa la wanaosikia, hata karibu na kwao, anakosa watu wa kuzungumza nao, na lugha zile saba zisingezaliwa bila watoto kukaa pamoja. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inaelekeza watoto wasome katika shule za kawaida, ikiwaacha kando wanaohitaji mawasiliano maalumu. Kwa hiyo Buguruni Viziwi ibaki na iongezewe nguvu. Ila hoja hiyo haimhusu mwenye ulemavu wa akili, wala anayetumia kiti mwendo ambaye kikwazo chake ni ngazi za darasa na mlango mwembamba wa choo.

Tangu 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu na Chanika zote zimo ndani yake. Halmashauri ihakikishe kila kata ya upande huu ina shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, mwalimu aliyesomea kazi hiyo, msaidizi wake na choo ambacho kiti mwendo kinaingia. Nanyi wazazi, mwandikisheni mtoto hata kama kitengo hakijafika, kwa kuwa asiye na jina kwenye rejesta hapangiwi mwalimu.