Mkimbizi ni nani? Neno lililopanuka

(Muziki wa kufungulia, unashuka taratibu)

Leo tunachambua neno unaloitwa kila siku: mkimbizi. Kisheria neno hili lina mipaka yake, na mipaka hiyo imebadilika.

Tuanzie Geneva, tarehe 28 Julai 1951. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imewaacha watu wengi wa Ulaya bila makwao. Mkataba uliopitishwa siku hiyo ulisema mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Tena ulihusu matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951 tu. Kikomo hicho kiliondolewa na Itifaki ya 1967.

Swali likabaki: je, mama aliyekimbia risasi zilizoangukia kijiji kizima, bila mtu kumtafuta yeye kwa jina?

Afrika ilijibu. Miaka ile watu walikuwa wakikimbia vita vya ukombozi Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Tarehe 10 Septemba 1969, Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake. Uliishika maana ile ya kwanza, kisha ukaongeza: anayelazimika kuihama nchi yake kwa sababu ya uvamizi, kukaliwa au kutawaliwa na wageni, au machafuko makubwa katika nchi nzima au sehemu yake, naye ni mkimbizi.

Kwa hiyo, jirani akikuambia, "Mimi nilikimbia vita tu, hakuna aliyenitafuta," mweleze kwamba hiyo "vita tu" imo katika sheria. Akiitwa kwenye mahojiano, aeleze yaliyomkuta kama yalivyotokea. Asitunge adui. Uongo ukigundulika, hata ukweli wake utatiliwa shaka.

Mkataba huohuo wa 1969 una neno la pili la kushika: hiari. Unasema mkimbizi harudishwi kwao bila ridhaa yake. Nawe una wajibu: kufuata sheria za nchi iliyokupokea.

Ukiwa na swali, uliza ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe.

(Muziki)