Flin Flon: Mji wa Mwambani na Starehe Zake

Flin Flon ni mji wa migodi kaskazini mwa Kanada, umbali wa zaidi ya kilomita 700 kutoka Winnipeg kwa barabara. Umekaa juu ya mpaka wa majimbo mawili: sehemu kubwa imo Manitoba, na kipande kidogo kimeangukia Saskatchewan. Katikati ya karne ya 20 ulikuwa na watu kama 10,000, na takribani kila nyumba ilikula kwa mshahara wa kampuni moja. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyochimba shaba na zinki chini ya miguu ya wakazi, ikaziyeyusha kando ya nyumba zao, na kwa kiasi kikubwa ikagharamia mahali walipochezea.

Jina la mji limetoka katika hadithi ya kubuni, jambo ambalo miji michache sana duniani inaweza kulidai. Mwaka 1905 mwandishi Mwingereza J. E. Preston Muddock alichapisha riwaya iitwayo The Sunless City. Mhusika wake mkuu, Josiah Flintabbatey Flonatin, anazamia na nyambizi katika ziwa ambalo kina chake hakina mwisho na kuibukia kwenye ulimwengu wa chini ya ardhi uliojaa dhahabu. Inasimuliwa kwamba nakala iliyochakaa ya kitabu hicho, kurasa za mwisho zikiwa zimenyofoka, iliokotwa njiani na kundi la watafuta madini lililoongozwa na Tom Creighton, nao wakawa wanasomeana jioni penye moto. Walipogundua mwamba wenye madini ufukoni mwa ziwa, mwaka 1915 hivi, mmoja akatania kwamba bila shaka hilo ndilo shimo alilotokea mzee Flin Flon. Utani ukaandikwa kwenye hati za umiliki, na mji uliofuata haukupewa jina jingine. Wasimulizi wengine huongeza kwamba mtu wa kwanza kumwonyesha Creighton mawe hayo alikuwa David Collins, mtega wanyama wa Kimetis, yaani wa jamii yenye asili ya Wazungu na wenyeji wa Kanada. Kumbukumbu ya mji haikumtendea haki Collins kama ilivyomtendea mtu wa kwenye riwaya.

Kuyajua madini ni jambo moja na kuyatoa ni jingine. Machimbo madogo ya Mandy, jirani na hapo, yalichimbwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu bei ya shaba ilikuwa juu. Mawe yalivutwa na farasi juu ya theluji hadi ziwani, yakapakiwa kwenye matishari wakati wa kiangazi hadi mji wa The Pas, kisha yakasafirishwa kwa treni mpaka Trail, karibu na milima ya magharibi, kwenda kuyeyushwa huko. Hesabu ya namna hiyo isingeweza kulipa kwa mwamba mkubwa wa Flin Flon, ambao madini yake yalikuwa mengi lakini magumu kutenganishwa. Hatimaye tajiri wa New York, Harry Payne Whitney, alitoa mtaji. Kampuni ya Hudson Bay Mining and Smelting ikaundwa mwaka 1927, reli ikafika mwaka 1928, na kufikia mwaka 1930 tanuri lilikuwa linafanya kazi. Manispaa ilisajiliwa mwaka 1933.

Mwamba ndio uliochora ramani ya mji. Ni jiwe tupu la zama za kale sana, na udongo juu yake ni mwembamba kiasi kwamba mifereji haikuweza kuchimbwa bila baruti. Basi mabomba ya maji safi na maji taka yalipitishwa juu ya ardhi, ndani ya masanduku marefu ya mbao yaliyoshindiliwa vumbi la mbao ili maji yasigande. Masanduku hayo yalizunguka nyuma ya nyumba, yakapanda na kushuka vilima, na mara wakazi wakayapatia kazi ambayo mhandisi hakuifikiria. Yalikuwa njia za miguu. Mtoto aliyekwenda shule asubuhi ya Januari, baridi ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, alipita juu ya sanduku kwa sababu theluji ilikuwa haba pale na mbao zilikuwa na uvuguvugu kidogo. Kiangazi watu wazima walikaa juu yake kama wanavyokaa watu wa pwani barazani, wakapiga soga huku wakiangalia nani anapita. Mitaa nayo haikunyooka. Ilizunguka vichuguu vya mawe, na nyumba moja iliweza kuwa na mlango wa mbele usawa wa barabara na wa nyuma ukining'inia hewani juu ya ngazi ndefu.

Jambo la pili lililotawala siku lilikuwa zamu. Mgodi na tanuri havikulala, kwa hiyo katika kila nyumba palikuwa na mtu anayelala mchana na watoto waliofunzwa kunyamaza. Mikutano, misa na mazoezi ya kwaya vilipangwa kwa kuangalia zamu ya nani inaisha lini. Jambo la tatu lilikuwa moshi. Upepo ulipogeuka, gesi ya salfa ilishuka mjini, ikakereketa koo na kuunguza majani bustanini; miti iliyouzunguka mji ilikonda na mingine ikafa. Watu walilalamika, lakini katika mji wa kampuni moja moshi ulikuwa pia dalili kwamba mshahara upo.

Mwaka 1934 kulitokea mgomo. Wafanyakazi walidai mishahara iliyopunguzwa irudishwe na chama chao kitambuliwe. Polisi wa serikali kuu waliletwa, na baada ya wiki kadhaa watu wakarudi kazini bila chama. Jambo hilo linafaa kukumbukwa unaposoma juu ya ukarimu wa kampuni katika miaka iliyofuata. Kumbi, viwanja na ufuko wa kuogelea havikuwa hisani tupu. Mji uliokuwa mbali vile, wenye majira ya baridi ya miezi sita na vijana wengi wasio na wake, ungewapoteza mafundi wake kila masika kama usingekuwa na cha kuwafanya wabaki.

Ufuko wenyewe ulikuwa Phantom Lake, kilomita chache kutoka mjini, upande wa Saskatchewan. Kampuni ilipageuza mahali pa mapumziko: mchanga, bembea za watoto, njia za kutembea kati ya mawe, na ukumbi wa dansi. Jua la kiangazi katika latitudo ile huchelewa kutua, na bendi iliweza kuanza kupiga bado kukiwa na mwanga. Wacheza dansi walikuwa mchanganyiko wa watu ambao kwingineko wasingekutana: Waukraina, Waskandinavia, Waskoti, Wafaransa wa Kanada, wote wameletwa na shaba. Kila kundi lilikuwa na kanisa lake na chakula chake cha sikukuu, lakini sakafu ya dansi ilikuwa moja. Wakree, wenyeji wa nchi hiyo, hawakuwa na nafasi sawa katika mji uliojengwa juu ya njia zao za uwindaji, na habari za starehe za miaka hiyo huwataja kwa nadra.

Majira ya baridi yalikuwa na taratibu zake. Sinema ilijaza watoto Jumamosi mchana. Jioni familia zilikaa karibu na redio. Mji ulikuwa na kituo chake, CFAR, tangu mwaka 1937, na Jumamosi usiku, kama ilivyokuwa Kanada nzima, masikio yaliisubiri sauti ya mtangazaji Foster Hewitt akielezea mechi ya hoki kutoka Toronto. Vilabu vya bia vilikuwa vya wanaume, kwani sheria ya Manitoba haikuwaruhusu wanawake kuingia humo hadi ilipobadilishwa katikati ya miaka ya 1950. Wanawake waliendesha kila kitu kingine: chai za kanisani, minada ya kuchangia hospitali, mavazi ya michezo ya kuigiza.

Mchezo uliowakutanisha waume na wake, vijana na wazee, ulikuwa kelingi. Wachezaji wanne kwa kila timu hutelezesha mawe mazito ya itale juu ya barafu kuelekea duara lililochorwa mbali, wenzao wakisugua barafu mbele ya jiwe kwa mifagio ili liende mbali zaidi au lisipinde mno. Hauhitaji nguvu nyingi wala kasi, na anayeshindwa hukaa meza moja na aliyemshinda. Mashindano yake yalidumu siku kadhaa, na timu za miji ya jirani zililala nyumbani kwa wenyeji. Mambo mengi ya mji, kuanzia posa hadi biashara, yalimalizikia hapo.

Lakini mchezo ulioutoa mji nje ya mipaka yake ni hoki ya barafu. Timu ya Bombers ilianza mwaka 1927, sawa na kampuni, na hadithi za vitu hivi viwili hazitenganiki. Kampuni iliwapa wachezaji kazi. Kijana mwenye kipaji kutoka mashambani alikuja Flin Flon akijua kwamba atalipwa kwa koleo huku akicheza kwa kigoe. Siku moja ya mchezaji kijana ilikuwa hivi: saa kadhaa za kazi katika viwanja vya kampuni, chakula nyumbani kwa familia iliyompangisha, mazoezi alasiri, na usiku wa mechi kusimama mbele ya watu ambao asubuhi alikuwa nao kazini. Watazamaji walikaa na makoti yao mazito, pumzi zikifuka, miguu ikigonga ubao kupasha joto. Mchezaji aliyezembea hakusubiri gazeti limseme. Angesemwa kesho yake na mwenzake wa zamu.

Mwaka 1957 Bombers walishinda Kombe la Memorial, tuzo kuu ya hoki ya vijana nchini Kanada. Kocha alikuwa Bobby Kirk na nahodha Ted Hampson. Katika fainali walikutana na timu ya Ottawa, iliyofungamana na klabu tajiri ya Montreal Canadiens na kuongozwa na Sam Pollock, mtu aliyekuja kuwa miongoni mwa viongozi wenye akili kubwa katika historia ya mchezo huo. Mechi za mwanzo zilichezwa Flin Flon, za mwisho Regina, na mfululizo ukafika mechi ya saba kabla ya Bombers kushinda kwa mechi nne dhidi ya tatu. Mji wa watu 10,000 ulikuwa umeushinda mji mkuu wa nchi, na mwaka uliofuata ukumbi mpya wa barafu, unaojulikana kwa jina la Whitney Forum, ukafunguliwa. Nyuma ya nyumba nyingi palikuwa na uwanja wake mdogo wa barafu: baba alimwaga maji uani usiku, na asubuhi palikuwa pameganda. Katika mazingira hayo alikulia Bobby Clarke, mtoto wa mchimbaji, aliyezaliwa mwaka 1949. Alikuwa na kisukari, na klabu nyingi zikamruka kwa sababu hiyo zilipokuwa zikichagua wachezaji vijana mwaka 1969. Klabu ya Philadelphia ikamchukua akiwa wa 17, na akaja kuiongoza kutwaa Kombe la Stanley, tuzo kuu ya hoki ya kulipwa, mwaka 1974 na 1975.

Kiangazi kilikuwa na sherehe yake. Tamasha la Trauti lilianza mwaka 1951, miaka ambayo barabara ya gari ilikuwa inaunganisha mji na kusini, na wageni wakaanza kuja bila kutegemea treni. Kiini chake kilikuwa mashindano ya kuvua trauti wakubwa wa maziwa ya kaskazini, lakini pembeni yake yakaota mambo mengine: samaki wa kukaanga barabarani, dansi katika Main Street, na mbio za mitumbwi za siku kadhaa kupitia maziwa na mito ambamo wapiga kafi walilazimika kubeba vyombo mabegani kila penye maporomoko. Wasichana walishindania taji la Malkia Nguva. Nguva, katikati ya bara, mbali na bahari ya chumvi! Hakuna aliyeona ajabu. Mji uliojiita kwa jina la nahodha wa nyambizi haukuwa na sababu ya kukataa nguva.

Nahodha mwenyewe alipata sanamu mwaka 1962. Umbo lake lilibuniwa na Al Capp, mchoraji wa Marekani aliyekuwa maarufu kwa katuni za Li'l Abner: mzee mfupi mwenye masharubu, kofia na miwani, lakini aliyejengwa kwa faibaglasi akafika zaidi ya mita 7. Aliwekwa penye lango la mji, na wakazi wakamwita Flinty kana kwamba ni jirani.

Katika miaka hiyohiyo televisheni ilikuwa inasambaa nchini. Shirika la CBC lilianza matangazo yake ya picha Toronto na Montreal mwaka 1952, na miji ya kaskazini ilisubiri zamu yake kwa miaka mingi. Ilipofika, baadhi ya viti vya sinema na vya kumbi za dansi vikaanza kubaki vitupu, kama ilivyotokea karibu kila mji mdogo wa Kanada. Flin Flon ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 1970. Dohani la mita 251 lilijengwa mwaka 1974 kuupeleka moshi mbali na nyumba. Tanuri likazimwa mwaka 2010, na mgodi wa mwisho mjini ukafungwa mwaka 2022. Bombers bado wanacheza Whitney Forum.