Nipe Fagio

Nipe Fagio ni asasi ya kiraia ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013 kupambana na taka. Huwaita wananchi kupitia mitandao ya kijamii waje kusafisha fukwe na mitaa, hasa katika Siku ya Usafi Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 2018.

Picha za kabla na baada ya usafi kila kikundi cha aina hii hupiga. Lililoipambanua asasi hii ni kuhesabu: taka zilizookotwa huchambuliwa kwa majina ya kampuni zilizozitengeneza, kisha matokeo hutangazwa. Hapo lawama haimwangukii tena mtupaji peke yake, humfikia na mzalishaji. Ni hoja nzito kuliko wito wowote wa kuwa wastaarabu.

Kwa fukwe za Kinondoni, Mbweni ikiwemo, hesabu hiyo ina maana zaidi, kwani usafi wa Jumamosi moja hufutwa na mvua za masika, mito na mifereji inaposhusha taka za mjini hadi baharini na kwenye mikoko. Marufuku ya serikali ya mifuko ya plastiki, iliyoanza 1 Juni 2019, nayo haikutosha, kwani haikuzigusa chupa za plastiki.